Kabla makasi hayajapita: kuandaa blanketi la tisheti za zamani



Mama alishuka kwenye boti ya Ubwari akiwa amebeba mfuko wa mchele wa kilo 25. Ndani hamkuwa na mchele. Mlikuwa na tisheti 19, zimekunjwa vizuri, zote za mtoto wake wa kwanza, mwimbaji wa kwaya na mvuvi wa ndagala, ambaye ziwa lilimchukua. "Nishoneeni blanketi," alisema. "Kateni leo, kesho nipande boti nirudi nalo." Tulimpa kiti, tukampa maji, tukaomba pamoja naye. Makasi hatukuyatoa.

Tangu siku ile wengi wametuuliza kwa nini tulimrudisha. Hatukumrudisha. Tulimwomba asubiri, na sababu zake ndizo tunazoandika hapa, maana maombi ya kazi hii sasa yanatoka pande nyingi: Fizi, Uvira, hata kwa watu wetu walioko ng'ambo. Sisi akina mama wa kikundi cha kushona tumejifunza kwamba blanketi la namna hii linashonwa kwa siku chache tu. Kuliandaa ndiko kunakotaka muda, na kosa la maandalizi halirekebishwi na fundi yeyote.

Kwanza tueleze kitu chenyewe kwa wale ambao hawajakiona. Unachukua tisheti ambazo mtu alizivaa, unakata sehemu ya kifua au ya mgongo yenye maandishi, unapata vipande vya mraba vilivyo sawa, unaviunganisha, kisha unaweka kitambaa nyuma. Vijana wameona picha zake kwenye simu na wanadhani ni jambo la Wazungu. Bibi zetu waliunganisha mabaki ya vikwembe wakafunika watoto miaka mingi kabla ya simu. Na huko Marekani kwenyewe, walio mashuhuri zaidi kwa kazi hii ni akina mama weusi wa kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake, na mwaka 1942 akachukua nguo ambazo marehemu alikuwa akizivaa shambani, akazikata, akashona blanketi la kujifunika na kumkumbuka. Nguo zilikuwa zimepauka magotini. Hakuzificha sehemu hizo. Miaka mingi baadaye mablanketi ya kijiji hicho yaliwekwa katika nyumba kubwa za makumbusho, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha zake. Yeye alikuwa mjane tu, na usiku ulikuwa na baridi.

Sasa turudi kwa mama wa Ubwari. Swali la kwanza tulilomuuliza halikuhusu uzi wala kipimo. Tulimuuliza: mama, nguo hizi ni za nani sasa?

Alikasirika kidogo, na tunamwelewa. Lakini kwetu huku nguo za marehemu si mali ya mtu mmoja. Katika familia nyingi zinangoja siku ya kumaliza matanga, wazee wanakaa, huyu anapewa koti, yule viatu, mwingine kofia. Upande wa baba unaangalia, upande wa mama unaangalia. Kama marehemu aliacha mke na watoto, nao wana haki yao: Sheria ya familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi. Mtu anaweza kusema, ni tisheti tu, nani atagombania tisheti? Tumeona watu wakigombania. Shamba linaweza kupimwa tena na mipaka ikarudishwa. Tisheti iliyokatwa haiwezi kurudi kuwa tisheti, na aliyetamani kuivaa atabeba uchungu huo kila akiliona blanketi.

Kwa hiyo tunaomba kila anayetaka kazi hii aite watu wa nyumbani kwanza. Atandaze nguo zote juu ya mkeka. Kila mmoja aruhusiwe kuondoa ile ambayo hataki ikatwe, bila kuulizwa sana. Watoto nao waitwe, hata wadogo. Mtoto wa miaka 6 anajua ni tisheti ipi baba alimbebea. Na kama matanga hayajamalizika, ngojeni yamalizike. Wengine wetu tunaona hata hapo ni mapema, kwamba ni heri mwaka mmoja upite. Hatukubaliani sisi wenyewe juu ya hilo, na hatutaki kuwawekea sheria.

Mama alitazama mfuko wake, akanyamaza. Kisha akasema kuna mdogo wake marehemu, kijana wa shule, ambaye kila Jumamosi anavaa tisheti ya kaka yake, ile ya mkutano wa vijana. Imetoboka begani. Alikuwa amepanga kuichukua akirudi, aje nayo mara ya pili. Hakuwa amemwambia kijana.

Jambo la pili ambalo tunataka kulisema kwa urefu ni maandishi. Wapendwa, tisheti zetu ni daftari letu. Fikirini ni karatasi ngapi makanisa yetu ya Fizi yamebaki nazo. Vita vya mwaka 1996 vilipoingia, watu walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Kigoma. Wengi wakakaa Nyarugusu na Lugufu. Mwaka 1998 vita vikarudi. Madaftari ya ubatizo, orodha za wanakwaya, picha za ndoa, vingi viliungua, vikaloa, au vililiwa na mchwa katika nyumba zisizo na watu. Mwaka 2005 meli zilipoanza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi hapa Baraka, walishuka na sufuria, magodoro, na nguo walizovaa. Nguo hizo zilikuwa na maandishi: jina la kwaya, mwaka wa kongamano, jina la kambi, siku ya wanawake, kampeni ya chanjo. Kuna kwaya za kambini ambazo hazipo tena, na ushahidi pekee kwamba ziliwahi kuimba uko kifuani mwa tisheti iliyopauka.

Fundi anapokata mraba wa sentimeta 35, anakata pia maandishi yasiyoingia ndani ya mraba huo. Mgongoni mara nyingi ndipo penye orodha ya majina. Mkononi ndipo penye mwaka. Hapa tuna kosa letu wenyewe la kukiri. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa zawadi kwa mchungaji aliyekuwa anastaafu. Tulikusanya tisheti za kwaya zake zote, tukakata vifua kwa furaha, mabaki tukayatumia kufutia mashini. Kumbe moja ilikuwa na sahihi za wanakwaya wote mgongoni, zimeandikwa kwa kalamu siku ya kuagana. Baadhi yao wameshalala. Mchungaji alipopokea blanketi alilifungua, akaligeuza, akatafuta, kisha akatushukuru. Alitafuta nini tulikuja kuelewa baadaye, kutoka kwa mke wake.

Tangu wakati huo hatukati kitu kabla ya kupiga picha mbele, nyuma na mikono. Tunafungua daftari, kila tisheti inapewa namba, na mwenye nguo anasimulia tunaandika: ilitoka wapi, mwaka gani, nani aliivaa, nani alilipia. Mara nyingi hapa ndipo watu wanapolia, na hapa ndipo wanapocheka pia. Baba mmoja alituletea tisheti ya duka la simu, haina maana yoyote, tukataka kuitoa. Akasema, hapana, hiyo ndiyo aliyovaa siku aliyokuja kujitambulisha kwetu. Tuliiweka katikati. Namba zile zile tunaziandika kwenye kitambaa cheupe kinachoshonwa nyuma ya blanketi, kwa kalamu isiyofutika kwa maji, ili hata daftari likipotea, blanketi lijieleze lenyewe. Na katika nchi yetu mtu hawezi kujua ni lini atalazimika kufunga mzigo tena. Tisheti 19 ni mfuko mzima, ukikimbia utauacha. Blanketi moja utajifunga mgongoni.

Kuhusu kuchagua, tutapita haraka. Kitambaa chochote chenye rangi za kijeshi kiondoeni, hata kama ni kipande kidogo, hata kama kilitoka kwenye mitumba. Barabarani kuna vizuizi, na blanketi likifunguliwa mbele ya askari halitapata muda wa kusimulia habari zake. Tisheti za uchaguzi ni swali la kila familia; tunazo za mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023, na kitambaa chake huwa chepesi kama chandarua. Tunamkumbuka mgombea aliyetuahidi lami kati ya Uvira na Baraka. Mnaweza kumweka upande wa miguu.

Jezi za mpira mara nyingi ni za poliesta: zinateleza chini ya sindano na zinayeyuka chini ya pasi. Kama ni lazima iwepo, mwambieni fundi mapema. Maandiko ya Biblia na msalaba yanaleta mabishano. Wengine hawataki yakanyagwe wala kukaliwa. Sisi tunayapanga upande wa kichwa, na tumeona hilo linatuliza watu.

Kuna nguo ambazo haziingii kabisa. Kama mtu alikufa kwa ugonjwa ambao wahudumu wa afya waliagiza nguo zichomwe, zichomwe, hata kama moyo unakataa. Na kwa kipindupindu, ambacho hapa Baraka tumekizoea kupita kiasi, nguo zilizochafuka zisipelekwe ziwani. Zichemshwe, maji yake yamwagwe chooni, kisha zianikwe juani zikauke kabisa; na mahali pa kufulia pawe mbali na maji ya kunywa, mita 30 au zaidi. Ziwa lile lile tunalofulia ndilo jirani anachota.

Nguo nyingine zote zifuliwe kwa sabuni ya kawaida kabla hazijaletwa. Mama wengine hawataki, kwa sababu harufu ya mtu bado imo. Tunawaambia: bakizeni moja bila kufua, ifungeni kwenye mfuko wa nailoni, isiingie katika kazi hii. Zile za kukatwa lazima zifuliwe, maana kama hazijafuliwa zitanywea baadaye kila moja kwa namna yake na blanketi litajikunja kama samaki wa kukausha. Anikeni zikiwa zimegeuzwa ndani nje, rangi isiungue. Pasi ya makaa ipite upande wa ndani tu. Maandishi ya tisheti ni kama mpira. Pasi ikiyagusa yanang'ang'ania chuma, na jina la marehemu linabaki kwenye pasi ya jirani.

Kisha nendeni kwa fundi, na hapa msikubali haraka. Fundi mzuri wa suruali na vikwembe anaweza asijue kitambaa cha tisheti. Kitambaa hiki kimefumwa kwa vitanzi, kwa hiyo kinavutika. Mashini zetu za kukanyaga kwa mguu zinashona mshono mmoja ulionyooka. Mshono huo ukivutwa pamoja na tisheti, uzi unakatika. Dawa yake ni kuipa tisheti mgongo. Mjini fundi anaweza kuwa na kile kitambaa chembamba chenye gundi ambacho hubandikwa kwa pasi ndani ya kola. Kikikosekana, shuka kuukuu la pamba linatosha: kata tisheti kwa ukubwa wa sentimeta 40 hivi, ishone juu ya kipande cha shuka kuzunguka pembeni, na baada ya hapo ndipo ukate mraba kamili wa 35. Ukikata 35 moja kwa moja, kipande kitajivuta na hakuna pembe itakayokutana na nyingine. Mpeni fundi mraba wa katoni uliopimwa vizuri aufuate, na mistari ichorwe kwa kipande cha sabuni. Tisheti ya mtoto ambayo haifiki 35 ishonwe juu ya mraba wa kikwembe, kama picha ndani ya fremu. Mwombeni pia aunganishe vipande viwili vya majaribio kutoka kwenye tisheti isiyo na maana, mvivute kwa mikono mbele yake. Fundi anayekataa jaribio hilo tunamshukuru tunaendelea na safari.

Hesabu ni rahisi. Mraba wa 35 ukitoa sentimeta moja kila upande kwa ajili ya mshono unabaki 33. Vipande 12, vitatu kwa vinne, vinatoa blanketi la mtoto, karibu sentimeta 99 kwa 132. Vipande 20, vinne kwa vitano, ni 132 kwa 165, linamtosha mtu mmoja. Kwa kitanda cha wawili tafuteni 30: vitano kwa sita, 165 kwa 198. Tisheti yenye maandishi mbele na nyuma inatoa vipande viwili, kwa hiyo msikate tamaa kama nguo ni chache. Kwa nyuma ya blanketi la vipande 20, kikwembe kimoja cha yadi 6 kinatosha na kubaki: mapana mawili ya mita 1.75 yaliyounganishwa, na mabaki yanakuwa ukingo wa kuzunguka.

Katikati muweke nini? Inategemea mnaishi wapi. Hapa ziwani kuna joto, mbele na nyuma vinatosha. Kwa ndugu wa milima ya juu wekeni blanketi kuukuu ndani. Lakini mkiweka, msimlazimishe fundi kupitisha tabaka tatu chini ya mashini ya mguu. Sindano zitavunjika na bei itapanda. Kuna njia ya akina mama Walutheri wa Marekani, ambao hushona mablanketi kwa ajili ya wakimbizi na kuyatuma kupitia Lutheran World Relief: wanapitisha uzi mnene kwa mkono kutoka juu hadi chini, wanaurudisha, wanafunga kifundo. Kifundo kimoja kwa kila sentimeta 15 hivi, na tabaka hazihami. Kazi hiyo fundi haihitajiki. Tunaifanya baada ya ibada, watu 8 kuzunguka mkeka mmoja, na mwenye blanketi anakuwa katikati yetu.

Kabla ya kulipa, mkubaliane na fundi kuhusu mabaki. Mikono, shingo, kola, vyote virudi kwenu ndani ya mfuko, mkavitumie mnavyotaka. Na mwulizeni atatunza nguo wapi usiku.

Walioko Nyarugusu, Burundi au Marekani wanauliza kama wanaweza kutuma tisheti zao ziingie katika blanketi la familia. Ndiyo, na tunapenda hivyo, ila nguo zitangulie picha zake, na msiyatume mabaki yaliyokwisha kukatwa nyumbani kwa makasi ya jikoni. Tumepokea vipande vya namna hiyo, kila kimoja na ukubwa wake.

Mama wa Ubwari alirudi nyumbani na mfuko wake wote. Baada ya wiki sita hivi alishuka tena kwenye boti, na safari hii kijana alikuwa pamoja naye, amevaa ile tisheti ya mkutano wa vijana, bega limetoboka vilevile. Tulitandaza nguo. Tuliondoa nne: jezi moja, mbili za uchaguzi, na moja ambayo shangazi wa marehemu alikuwa ameiomba. Zikabaki 15, na kati ya hizo nne zilikuwa na maandishi mgongoni, jumla vipande 19. Ulihitajika mmoja kufikisha 20.

Hakuna aliyemtazama kijana, lakini alijua. Alisema hapana, bado anaivaa. Mama yake akasema, sawa mwanangu.

Fundi alitaka kupanga upya, akatoa wazo la kutengeneza blanketi la vipande 16 ili lisiwe na pengo. Mama alikataa. Alivua kikwembe alichojifunga juu ya gauni lake, akatuonyesha pembe ambayo haijachakaa, tukakata mraba hapo, tukaushona mstari wa tatu, upande wa kushoto, kwa uzi wa mkono na mishono mirefu ili uweze kufumuliwa. Kwenye kitambaa cheupe cha nyuma, mbele ya namba 20, tuliandika jina la kijana.

Walipanda boti ya saa nane. Upepo ulikuwa umetulia, na kijana ndiye aliyebeba.